Kufa Kufaana: Wosia wa Mchungaji John Harvard

Pita Kariakoo siku yoyote, au Gikomba kule Nairobi, au Kongowea kule Mombasa, hutakosa kuiona fulana ya mtumba yenye neno HARVARD kifuani. Kondakta wa daladala anaivaa, muuza maji anaivaa, na mimi ninayo moja, rangi yake damu ya mzee. Ukimwuliza aliyeivaa, Harvard ni kitu gani, atakwambia ni chuo cha wenye fedha zao huko Marekani, ndiko alikosoma Obama. Hajakosea. Barack Obama alimaliza sheria pale mwaka 1991, na baba yake, yule Mkenya aliyezikwa Kogelo, aliingia palepale kusoma uchumi mwaka 1962.

Lakini mimi, ndugu msomaji, swali langu ni jingine. Siulizi Harvard ni nini, nauliza Harvard alikuwa nani. Maana kabla halijawa jina la chuo, na muda mrefu kabla halijafika kwenye marobota ya mitumba, lilikuwa jina la mtu mmoja aliyezaliwa katika familia ya muuza nyama, akasoma, akavuka bahari, akafa kijana wa miaka 30 bila kuacha mtoto.

Ninayo sababu ya kuwachosha wenzangu na habari za Mzungu aliyekufa karne ya 17. Sisi tunaokutana katika kurasa hizi wengi wetu tumeishia kidato cha nne au cha sita. Chuo kikuu tunakiona kwenye dirisha la basi. Tunaandika usiku, tunaazima vitabu, tunajiuliza tutaacha nini hapa duniani. Sasa habari ya huyu mchungaji inagusa hapohapo: mtu anaacha nini, nani huandikwa jina lake, na nani jina lake hupotea kama moshi. Hebu tuanze na mtu mwenyewe.

MTOTO WA MUUZA NYAMA

John Harvard alibatizwa tarehe 29 Novemba 1607 katika kanisa la St Saviour's, mtaa wa Southwark, ng'ambo ya mto Thames kutoka jiji la London. Southwark ya siku zile haikuwa mahali pa watu wapole. Ilikuwa na vilabu vya pombe, nyumba za wageni, magereza, na majumba ya michezo ya kuigiza. Globe, jukwaa la akina Shakespeare, lilikuwa hukohuko. Mwezi mmoja tu baada ya John kubatizwa, yaani tarehe 31 Desemba mwaka uleule, mdogo wake Shakespeare aliyeitwa Edmund, naye mwigizaji, alizikwa katika kanisa lilelile. Mama yake John, Katherine Rogers, alikuwa mzaliwa wa Stratford-upon-Avon, mji wa Shakespeare, na nyumba aliyoijenga baba yake huyo mama mwaka 1596 bado imesimama mpaka leo. Kwa hiyo waandishi wenzangu mnaweza kuona huyu mtoto alipumua hewa ya namna gani.

Baba yake, Robert Harvard, alikuwa na bucha na pia kilabu. Hakuwa mkubwa wa serikali, hakuwa mwenye cheo. Alikuwa mfanyabiashara wa mtaani ambaye mambo yake yalikwenda vizuri. Kama ungekuwa mtaa wetu tungesema ni mzee mwenye vijisenti vyake.

Mwaka 1625 tauni iliingia London. Ndani ya wiki chache tu nyumba ya Harvard ilibomoka. Baba alikufa, na ndugu zake John kadhaa wakafa. Walibaki watatu: mama, John, na mdogo wake Thomas. Mama aliolewa tena, mume akafa baada ya miezi michache. Akaolewa mara ya tatu, kwa mfanyabiashara wa vyakula, naye akafa.

Wahenga wetu walisema kufa kufaana. Ni methali chungu, lakini haina uongo. Kila jeneza lililotoka katika nyumba ile liliacha kitu kidogo nyuma. Fedha za baba, za waume wa mama, nyumba ya wageni iliyoitwa Queen's Head, vyote vilianza kuteremka polepole kuelekea kwa waliobaki. Ndiyo mirathi ilivyo, haina haraka, lakini haisahau njia.

Kwa fedha hizo John akapelekwa shule. Desemba 1627 aliingia Emmanuel, chuo kimojawapo cha Cambridge kilichokuwa kimejaa Wapuritani, yaani Waprotestanti wale waliotaka kanisa la Uingereza lisafishwe zaidi. Mtoto wa buchani akakaa na watoto wa wachungaji na wa wenye mashamba. Akapata shahada ya kwanza mwaka 1632 na ya pili mwaka 1635. Mwaka huohuo wa 1635 mama yake akafariki. Mwaka 1636 akamwoa Ann Sadler. Mwaka 1637 Thomas naye akafa, na John akabaki peke yake katika ukoo wa wale waliokuwa wamejaa nyumba moja kabla ya tauni. Mwaka huohuo akapanda meli na mke wake kwenda Massachusetts, koloni la Wapuritani ng'ambo ya Atlantiki, na vitabu vyake akavipakia.

Hapo kwenye vitabu nakuomba usimame kidogo. Safari ya meli siku zile ilikuwa ya wiki nyingi, nafasi ilikuwa ndogo, na mtu mwenye akili timamu alibeba misumari, mbegu, mashoka na mablanketi. Huyu bwana alibeba vitabu. Vilikuwa karibu 400.

NUSU YA MALI

Alifikia Charlestown, kijiji kilichotazamana na Boston. Akawa mhubiri msaidizi. Hakukaa sana. Kifua kikuu kilimkamata, na tarehe 14 Septemba 1638 akafariki. Alikuwa Marekani kwa muda usiozidi sana mwaka mmoja.

Wosia wake ulikuwa wa mdomo. Hakuna karatasi aliyoandika kwa mkono wake. Alisema alichokisema akiwa kitandani, waliokuwapo wakasikia, wakatekeleza. Alichosema ni hiki: nusu ya mali yake, pamoja na vitabu vyake vyote, viende kwa chuo kipya. Kumbukumbu za chuo zinaandika hiyo fedha kuwa pauni 779, shilingi 17 na peni 2.

Sasa ili uelewe uzito wake lazima turudi nyuma miaka miwili. Tarehe 28 Oktoba 1636 Baraza Kuu la koloni lilipitisha pauni 400 kwa ajili ya shule au chuo. Koloni lenyewe lilikuwa na umri wa miaka sita hivi. Watu walikuwa bado wanang'oa visiki. Lakini waliogopa jambo moja: wachungaji waliosoma Uingereza wangekufa mmoja mmoja, na nyuma yao wangebaki wasiojua kusoma wakihubiri. Kwa hiyo wakaamua kuanzisha chuo kabla hawajawa na barabara za maana. Kikawekwa Newtown, mji ambao mwaka 1638 ulibadilishwa jina ukawa Cambridge, kwa sababu wengi wa wakubwa wake walisoma Cambridge ya Uingereza.

Pauni 400 za serikali zilikuwa ahadi, nusu mwanzo na nusu baadaye. Halafu anatokea kijana mgonjwa ambaye hakukianzisha chuo hicho, hakuwa mwalimu wake wala mkuu wake, anaacha jumla inayokaribia mara mbili ya ile iliyopitishwa na serikali nzima. Na juu yake maktaba. Tarehe 13 Machi 1639 Baraza likaamua: chuo kitaitwa Harvard.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini tusijidanganye, moyo peke yake usingefika pauni 779. Fedha ile ilikuwa ya bucha, ya kilabu, ya nyumba ya wageni, ya tauni. Ukiifuata senti moja moja utaishia Southwark, kwenye makaburi ya 1625. Ndiyo maana nasema hakuna chuo kinachojengwa na mtu mmoja, hata kama jina lililo mlangoni ni moja.

Kuna sanamu yake pale chuoni, ya shaba, iliyowekwa mwaka 1884. Amekaa kitini na kitabu gotini, kijana mtanashati. Chini pameandikwa John Harvard, mwanzilishi, 1638. Wanafunzi wa pale wanaiita sanamu ya uongo mtatu. Kwanza, sura ile si yake, maana hakuna picha yake hata moja iliyosalia, na mchongaji Daniel Chester French alimkalisha mwanafunzi wa zama zake akaiga sura. Pili, hakuwa mwanzilishi. Tatu, chuo kilianza 1636, siyo 1638. Wenzetu wanaicheka, lakini mimi kama mtu anayejaribu kuandika riwaya naipenda. Mtu hatuna sura yake, barua zake hatuna, mahubiri yake hatuna hata ukurasa. Tuna sahihi yake kule Cambridge, orodha ya vitabu vyake, na neno moja alilosema akifa. Neno hilo limetosha kumpa uso.

GONGO NA UJI

Usidhani kwamba chuo kilichopewa jina zuri kilianza vizuri. Thubutu! Mkuu wake wa kwanza, Nathaniel Eaton, alikuwa msomi lakini roho yake ilikuwa ya mnyapara. Mwaka 1639 aligombana na msaidizi wake, Nathaniel Briscoe. Akaagiza watu wamshike, yeye akamshushia gongo lenye urefu wa yadi moja. Gavana John Winthrop, ambaye aliandika habari hizo katika shajara yake, anasema kipigo kilikwenda masaa mawili, viboko kama 200. Majirani ndio waliomwokoa yule bwana.

Kesi ilipofika mbele ya Baraza mambo ya jikoni nayo yakatoka. Mke wa Eaton ndiye aliyekuwa akiwalisha wanafunzi, ambao walikuwa wachache tu. Wakalalamika: nyama ya ng'ombe hawaioni, mkate ni mchachu, samaki wanaletwa na matumbo yao ndani, na katika uji mzito wa unga wa mahindi, ndugu yake ugali wetu, waliwahi kukuta mavi ya mbuzi. Jamani! Sisi tuliokaa bweni tunajua maharage yenye wadudu, lakini mavi ya mbuzi ni habari nyingine. Mama huyo alikiri baadhi ya mashtaka na mengine akayakana. La mavi ya mbuzi alisema halijui kabisa, ila anaona aibu kwamba jambo hilo litokee nyumbani mwake.

Septemba 1639 Eaton akafukuzwa. Akakimbilia Virginia. Chuo kikafungwa. Yaani miezi sita baada ya kupewa jina, Harvard kilikuwa nyumba tupu yenye vitabu vya marehemu ndani. Mpaka Agosti 1640 alipopatikana Henry Dunster, kijana wa miaka 30 hivi, ndipo kikafufuka. Mwaka 1642 wakahitimu wa kwanza, watu tisa. Tisa tu.

ASIYE NA JINA

Sasa nifike mahali ambapo mimi usingizi uliniisha.

Katika yale maungamo ya mke wa Eaton kuna mtu wa pembeni. Anatajwa kama anavyotajwa mbwa au mlango. Wanamwita Moor, neno ambalo Waingereza wa zama hizo walimwita mtu mweusi au mtu wa Afrika ya Kaskazini. Wanafunzi walilalamika kwamba wamelishwa maganda ya mkate ya Moor, na kwamba Moor alipewa bia wakati wao wakinyimwa. Hayo mama huyo akayakana. Lakini moja alilikiri: kwamba Moor aliwahi kulala mara moja katika shuka na foronya ya mwanafunzi aitwaye Sam Hough, na kwamba Sam Hough alikuwa na haki ya kuchukia.

Basi. Hayo ndiyo maisha yake yote katika maandishi. Hana jina, hana mji, hana mama. Alikula maganda ya mkate, na usiku mmoja alilala katika shuka safi ya mtu mwingine.

Tunajua lakini kitu kimoja cha wakati huo. Mwanzoni mwa mwaka 1638 meli iliyoitwa Desire ilirudi Massachusetts kutoka visiwa vya Karibea, na Winthrop anaandika kwamba miongoni mwa shehena yake mlikuwa na pamba, tumbaku na watu weusi. Huo ndio mwaka Harvard alipokufa na ndio mwaka chuo kilipofungua mlango. Mwaka 1641 koloni hilo likaandika utumwa ndani ya sheria zake. Mambo haya yalikwenda pamoja, wosia na meli, vitabu na minyororo. Wale wazee waliomwogopa mchungaji asiyejua kusoma hawakuona taabu kuwa na mtu asiye na jina jikoni.

Wala hakuwa wa mwisho. Mwaka 2022 chuo chenyewe kilitoa ripoti iliyohesabu watu zaidi ya 70 waliofanywa watumwa na wakuu, walimu na watumishi wa chuo kati ya 1636 na 1783, mwaka utumwa ulipokoma Massachusetts. Chuo kikatenga dola milioni 100 kwa ajili ya kurekebisha urithi huo. Kabla ya hapo, mwaka 2016, waliweka kibao katika nyumba ya zamani ya wakuu wa chuo chenye majina manne: Titus, Venus, Juba na Bilhah. Walitumika katika nyumba ile katika karne ya 18. Hao angalau wana majina. Yule wa 1639 kwenye kumbukumbu bado ni Moor.

Na wenyeji wa nchi je? Hati ya chuo ya mwaka 1650 ilisema kinafundisha vijana wa Kiingereza na vijana wa wenyeji. Mnamo mwaka 1655 pakajengwa jengo la matofali kwa ajili yao. Waliosoma humo walikuwa wachache sana. Caleb Cheeshahteaumuck, kijana wa kabila la Wampanoag, alihitimu mwaka 1665 na mwaka uliofuata akafa kwa kifua kikuu, ugonjwa uleule uliomwua Harvard. Mwenzake Joel Iacoomes alikuwa amekaribia kuhitimu pamoja naye, akauawa njiani kisiwani Nantucket. Shahada yake alipewa mwaka 2011, miaka 346 baadaye. Mwaka 1698 jengo lile likabomolewa na matofali yake yakaenda kujengea jengo jingine la chuo.

Nimetafakari sana tofauti ya vifo hivi. Mchungaji na Caleb, umri haukupishana sana, ugonjwa mmoja, chuo kimoja. Mmoja jina lake liko kifuani mwa kondakta wa Kariakoo. Mwingine mpaka ulitafute kwa tochi. Kifo ni kilekile, ila mmoja alikuwa na cha kurithisha na waandishi wa kukiandika.

KITABU KILICHOCHELEWA

Na vile vitabu? Vile vilivyovuka bahari?

Vilikuwa vingi vya dini, kama unavyotegemea kwa mchungaji, lakini Homer alikuwamo, Plutarch alikuwamo, Bacon alikuwamo. Vikawa ndio msingi wa maktaba. Wanafunzi wakavisoma miaka mia na zaidi. Usiku wa tarehe 24 Januari 1764, katikati ya baridi kali, jengo la Harvard Hall likashika moto. Chuo kilikuwa kwenye likizo. Katika jengo lile walikuwa wakikutana wajumbe wa Baraza Kuu, maana walikimbia ndui iliyokuwa Boston. Vitabu zaidi ya 5,000 viliteketea. Vya John Harvard viliungua vyote, isipokuwa kimoja.

Kimoja hicho kiliandikwa na John Downame, kinaitwa The Christian Warfare, toleo la mwaka 1634, kinazungumzia vita vya Mkristo na shetani, dunia na mwili. Kilipona kwa sababu hakikuwa kabatini. Kilikuwa kimeazimwa, kiko kwa msomaji. Pale chuoni wanasimulia kwamba mwanafunzi aliyekuwa nacho alikipeleka kwa mkuu wa chuo kesho yake, mkuu akamshukuru sana, kisha akamfukuza chuo kwa kukitoa nje bila ruhusa. Hiyo ni hadithi ya kunogesha baraza, usiibebe kama ushahidi mahakamani. Lakini kitabu kipo, kinatunzwa mpaka leo, na kupona kwake hakuna utata: kilikuwa mikononi mwa mtu.

Vijana wenzangu, fikirini jambo hilo. Vitabu vilivyokaa salama, vilivyopangwa, vilivyofungiwa, ndivyo vilivyoungua. Kilichobaki ni kile kilichokuwa kikisomwa.

SISI JE?

Chuo Kikuu cha Harvard leo kina mfuko unaozidi dola bilioni 50. Ni zaidi ya bajeti za nchi zetu kadhaa ukizijumlisha. Siandiki haya ili tukitamani, wala ili tukilaani. Waafrika wenzetu wamepita pale wakang'ara. Profesa Calestous Juma, mtoto wa ufukweni mwa Ziwa Victoria upande wa Kenya, alifundisha pale mpaka alipofariki mwaka 2017. Njia ipo, ingawa nyembamba.

Ninachotaka kusema ni kidogo zaidi. Huku kwetu tumezoea kuamini kwamba kuacha kitu ni kazi ya matajiri. Mzee akifa tunagombania shamba, nyumba, gari bovu lililoko uani. Vitabu vyake? Vinauzwa kwa kilo, muuza karanga anafungia. Nimewahi kununua karanga za shilingi chache nikakuta nimefungiwa ukurasa wa sarufi wenye maandishi ya mtu pembeni, kwa penseli, mwandiko wa kujitahidi. Mtu huyo alisoma usiku akiwa na taa ya kibatari. Hakuna aliyejua kwamba maktaba yake ndogo ilikuwa mali.

Harvard hakuwa tajiri wa kutisha. Alikuwa mtu wa kawaida aliyejua kwamba vitabu 400 kwenye nyumba ya mjane ni mzigo, na kwenye chuo kisicho na vitabu ni uhai. Mimi ninavyo vitabu 31, vingine havina jalada. Nimekwisha kumwambia dada yangu viende wapi. Alinicheka, akaniuliza kama naumwa. Siumwi. Lakini Harvard naye alikuwa na miaka 30.

Hilo ni la kwanza. La pili ni letu sisi waandishi, na ndilo linaloniuma zaidi. Wanahistoria wa wenye fedha wamekwisha kumwandika John Harvard. Wamempa sanamu, wamempa sura ya kuazima, wamemsamehe hata mwaka uliokosewa. Nani atamwandika yule aliyelala usiku mmoja katika shuka ya Sam Hough? Kumbukumbu zimenyamaza. Hapo ndipo kazi ya mtunzi inapoanza, siyo kudanganya kwamba tunajua jina lake, bali kukaa naye jikoni, mwezi Februari, theluji nje, na kujiuliza alikuwa akiota lugha gani.

Na msiende mbali mpaka Massachusetts. Kila shule ya misheni hapa kwetu ina jina la mtu mlangoni. Kila moja ilikuwa na mpishi, mchota maji, mbeba mawe, mtu aliyefyeka pori ili msingi uchimbwe. Bibi zetu na babu zetu wanawafahamu, na wanaondoka mmoja mmoja kila mwaka. Nendeni mkawaulize mapema. Chukueni daftari. Andikeni jina kamili, la baba na la babu, na kijiji alikotoka. Kisha hilo daftari msilifungie kabatini, mwazimeni mtu alisome.